Pepeta ya Kandida, Jina la Digna

Bodaboda iliniteremsha Ifakara saa nne asubuhi nikitokea Mlimba, matope ya kijiji cha Mbingu, njiani, yamenifika magotini. Mji sikuujua. Niliomba chumba katika hosteli ya kwanza niliyoiona, nikapewa, pamoja na bakuli la granola, zile nafaka za kuokwa na asali, na maziwa.

Nimekula granola katika nchi nyingi, na nyingi zilikuwa na ladha ya karatasi tamu. Hii ilinukia mpunga mchanga. Nikamwambia mhudumu, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu, kwamba ana mkono mzuri.

"Mkono huo ni wangu," sauti ikatoka dirisha la jikoni. "Huyo ana miguu tu ya kuileta."

Ndivyo nilivyomfahamu Kandida. Ana miaka hamsini na moja, kwao ni Mofu, na amepika katika hosteli hii miaka tisa. Mhudumu ni Digna, dada wa mumewe.

Granola aliibuni mwenyewe. Watafiti wa kigeni walikuwa wakija na pakiti zao za oti. Zikiisha, wananywea kama waliofiwa. Za dukani bei yake haishikiki. Kandida akafikiria pepeta, ule mpunga unaovunwa kabla haujakauka, ukakaangwa na maganda yake na kutwangwa ungali moto mpaka punje zilale bapa. Watoto wa bonde hili huitafuna hivyo hivyo, kiganjani. Yeye akaichanganya na karanga, ufuta na asali. Ili asali isiishe haraka, akaponda ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi, zile ambazo sokoni hutolewa kama nyongeza. Akaoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Wageni wakaipenda, lakini sifa zikaishia mezani, na mezani alikuwapo Digna. Mgeni mmoja akabandika karatasi kwenye kopo: Granola ya Digna. Kandida akaibandua. Kesho yake ikarudi.

"Aliirudisha nani?" nikauliza.

"Muulize wifi yangu."

"Upepo," alisema Digna.

Siku niliyofika ililetwa barua. Hosteli moja ya Morogoro ilimwomba Bi Digna aende mwezi mzima kufundisha wapishi wake. Sista Oliva, msimamizi, alikuwa hajamaliza hata wiki tatu hapo. Alichokijua ni kile kilichoandikwa kwenye kopo.

Kandida alisikia barua ikisomwa, akaweka mwiko chini. "Sista, kesho nitatengeneza mbele yako. Peke yangu. Uone ni ya nani."

"Peke yako, wifi?" Digna akauliza.

"Masikio unayo."

"Haya. Mimi kesho nachambua karanga."

Sasa, pepeta haitaki mtu mmoja. Mmoja hukaanga, wawili hutwanga kwa kupokezana, mchi huu ukipanda ule unashuka, kwa sababu mpunga ukishapoa hautii tena. Kandida alilijua hilo tangu utotoni. Wivu ulimsahaulisha.

Asubuhi alikaanga, akamimina kinuni, akatwanga, akakimbilia jikoni kwa kuwa kikaango kilianza kuungua, akarudi. Kinuni akakuta chenga. Akarudia. Chenga tena. Kuku wa jirani walikuwa wameshafika. Nikajitolea kushika mchi wa pili. Pigo la tatu tu, michi yetu ikagongana hewani.

"Mgeni," alisema, "kaa chini. Wewe ni mtu wa kalamu."

Digna alikuwa kwenye kigoda, anachambua karanga na kuimba wimbo wa kwaya polepole, kama mtu asiye na deni na dunia. Sista Oliva alitazama saa.

"Wifi," Kandida akaita.

"Nani?"

"Wifi!"

"Sisikii. Karanga zina kelele."

"Digna binti Stanislaus, njoo utwange kabla sijakutia wewe humu kinuni!"

Digna akajifunga kanga, akaja. Mimi nikakabidhiwa kikaango, nikawa natukanwa kila nilipochelewa kugeuza. Michi ikaanza kupokezana bila yeyote kuhesabu. Punje zikalala bapa, zenye ukijani hafifu. Kandida akaingia jikoni kuchanganya na kuoka, na mlango akaurudishia.

Sista akaonja ikiwa bado vuguvugu, akaonja tena. "Sasa Morogoro niwajibuje? Mtengenezaji ni nani?"

Kandida alivuta pumzi ajibu. Digna akamuwahi: "Ni yeye, Sista. Mimi ni wa mchi tu. Aende yeye."

Nilidhani Kandida atafurahi. Baadaye nilimkuta akisugua sufuria kwa hasira.

"Umemwona?" aliniambia. "Miaka yote nimengoja kulisema hilo, na hata hilo kalisema yeye! Sasa anasifiwa kwa moyo mweupe."

Jumamosi mimi na Digna tulimsindikiza Kandida stendi. Alivaa gauni la Pasaka, na mchi wake ameufunga kwenye kitenge, maana haiamini michi ya Morogoro. Akachungulia dirishani mwa basi.

"Wageni wakiuliza ni ya nani?"

"Nitasema ya Kandida."

"Kwa sauti?"

"Nitaazima kipaza sauti cha parokia."

Dereva akapiga honi. Kandida akatoa kichwa nje. "Na usimwambie mtu habari ya chumvi!"

"Chumvi?" Digna akashika ukingo wa dirisha. "Ina chumvi? Tangu lini? Kiasi gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kandida alicheka, meno yote nje. Akavuta pazia. Basi likaondoka, Digna akilifuata hatua chache, kisha akanigeukia.

"Wewe ulikuwa kwenye kikaango," alisema. "Hukuiona?"