Sauti Iliyomtangulia Mrukaji

Kwa miaka miwili nilikuwa Mmaasai wa saa kumi jioni. Asubuhi nilikuwa mtoto wa wakulima wa Kiiraqw, napalilia maharage ya mama yangu hapa Karatu. Jioni navaa shuka nyekundu na shanga, napanda gari la kikundi chetu cha ngoma, naenda kuwarukia watalii hotelini. Wageni hawakuona tofauti. Wamaasai watatu wa kweli waliokuwa kikundini waliiona vizuri sana, maana mimi ni mfupi, nimejaajaa, na nikiruka hutoka chini mguu mmoja tu. Wa pili unasubiri kwanza uone mambo yatakavyokwenda.

Kwa hiyo kiongozi wetu, mama mmoja asiyepoteza maneno, alinihamishia kwenye kuimba. Ngoma ile ina utaratibu wake. Vijana husimama nusu duara wakiunguruma wimbo kooni, mmoja anaingia katikati kuruka, na waimbaji wanapandisha sauti kadiri anavyopanda. Akiruka kidogo, sauti inabaki chini. Akiruka sana, inatoka nyembamba, ya juu kabisa, na hata aliyefumba macho anajua huyo karuka. Sauti ndiyo kipimo, na hairuhusiwi kudanganya.

Mimi nilidanganya kila siku. Katika wale watatu alikuwepo mmoja aliyetokea Ngorongoro, mrefu, mkimya, mwenye pengo la meno ya chini ambalo aliwaonyesha watu pale alipopenda yeye. Akiingia katikati, sauti yangu ilipaa kabla hajakunja magoti. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu sijui njia fupi zaidi ya kusema hilo. Nilimtamani mwanamume mwenzangu, shingo yake, visigino vyake vyenye vumbi jekundu, na koo langu likashindwa kutunza siri.

"Baba," kiongozi aliniambia mbele ya wote, "subiri mtu aruke kwanza."

Wakacheka, wakasema Wambulu, yaani sisi Wairaqw, hatujui kuhesabu mapigo. Nilicheka nao, tena kwa shukrani. Huku kwetu mwanamume akijulikana kwamba anapenda wanaume anaweza kupoteza kazi, kufukuzwa nyumbani, hata kufungwa. Afadhali nionekane sijui wimbo. Lakini niliyemwogopa zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Mtu aliyekulia ndani ya wimbo ule angeachaje kusikia? Nilisubiri tu jioni atakayohama upande wangu wa duara.

Ndipo akaja mwalimu wa dansi ya kisasa kutoka Arusha, dada mwenye kichwa kilichonyolewa na viatu vya mpira visivyofanana rangi. Alikuwa ameombwa atutengenezee onyesho kwa ajili ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa kule Oldeani. Aliangalia mazoezi mara moja, akanicheka mpaka akafuta macho.

"Nyie wawili njooni hapa," alisema, akituonyesha mimi na yule wa Ngorongoro. "Hii haraka yako tutaifanyia kazi."

Onyesho lilikuwa hivi. Yule mrefu amesimama katikati, mimi namwimbia ili aruke. Haruki. Napandisha sauti, anajikuna goti. Namzunguka, najipenyeza chini ya kwapa lake, naegemeza sikio kifuani kama fundi anayesikiliza injini, anarekebisha shuka. Mwisho kabisa anaruka mara moja, na mimi naanguka chali kwa mlio wangu mwenyewe. Mwalimu aliniagiza nimtazame kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya wali. Hilo halikuhitaji mazoezi. Kwa wiki tatu nilimtamani hadharani, mchana kweupe, na ikawa ndiyo kazi yangu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Siku moja mwalimu aliusogeza mkono wangu juu ya kifua chake yule bwana, akaninong'oneza, "Wakicheka, endelea. Wakinyamaza, anguka haraka." Nadhani alijua.

Tulicheza Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye ghala la zamani lililokuwa bado linanuka maganda ya kahawa. Wanakwaya walikuja na sare zao, akina mama wakakaa juu ya magunia. Nilipojipenyeza kwapani ghala zima lilicheka, na bibi mmoja akamwambia, "Ruka basi, mwanangu, mwenzio atapasuka."

Ikafika zamu yake ya kuruka. Hakuruka. Alinishika mabega, akanisimamisha pale katikati alipokuwa amesimama, yeye akarudi nyuma kwenye nafasi yangu, akaanza kuunguruma wimbo.

Hatukuwa tumefanya hivyo hata siku moja. Nikajua amechoka kutazamwa, sasa ananianika mbele ya watu. Nilijaribu kukunja magoti, hata ule mguu mmoja ukagoma. Nikabaki nimesimama, nyayo zote mbili chini, jasho linanitoka.

Na sauti yake ikapanda. Ikapita pale inapofika kwa mrukaji mzuri, ikaenda juu, nyembamba, bila kukatika, na mimi sijatoka chini hata unene wa kidole. Ghala lililipuka kwa kicheko. Wale Wamaasai wenzake wawili walishika matumbo, wakisema huyu leo amerukwa na akili. Mimi nilianguka chali kama tulivyopangiwa.

Tulipotoka kwenda kwenye gari alinishika mkono. Wanaume wa huku hushikana mikono kila siku, sokoni, njiani, wakitoka kanisani, na hakuna aliyegeuka kututazama. Tukapita katikati ya watu wote wale hivyo hivyo, vidole ndani ya vidole.

"Mbona umepandisha sauti," nilimuuliza, "na mimi sikuruka?"

"Ero," akasema, kama wanavyoitana vijana wa kwao. "Wewe miaka miwili unapandisha mimi nikiwa chini. Niliwahi kukuuliza?"

Na hapo akanionyesha pengo lake.