Mshumaa wa Sebastiani

Nilipokuwa na miaka kumi, hapa Guildford, Uingereza, kitu kilichonitia aibu kuliko vyote kilitundikwa sebuleni kwetu: picha ya Mtakatifu Sebastiani, amefungwa mtini, mwili umejaa mishale. Bibi alikuja nayo kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ameiviringisha ndani ya kitenge. Kila jioni aliiwashia mshumaa kwa ajili ya mjomba, mwanawe wa mwisho, aliyebaki kule akisubiri viza. Aliamini kabisa kwamba mshumaa wa msafiri ukikatizwa kabla hajafika, mtakatifu humgeuzia mgongo.

Kisa chenyewe nilikijua mwanzo hadi mwisho. Sebastiani alikuwa askari wa Kaisari, akiwasaidia kwa siri Wakristo waliofungwa. Alipogundulika alipigwa mishale, akaachwa wakidhani amekufa. Mjane mmoja akamwuguza. Alipopata nafuu hakukimbia. Alirudi kumwambia Kaisari ukweli usoni, na safari hiyo wakamuua kweli.

Mimi nilichoona ni mwanamume nusu uchi. Rafiki yangu wa shule alikuwa ameicheka hadi akakaa sakafuni, na Jumamosi angekuja tena.

Wiki hiyo ejenti wa nyumba tuliyopanga alikuja kufanya ukaguzi. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria. Ejenti alitazama jiko, bafu, kisha akasimama mbele ya picha, akaisifu kuwa ni nzuri sana.

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anasema hiyo picha itoke, Bibi. Mshumaa pia, hauruhusiwi. Tutafukuzwa nyumba."

Bibi alikuwa ameshafukuzwa kwingi, hakubisha. Alipanda kiti mwenyewe, akaishusha, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akaisukuma chini ya kitanda. Kisha akamshukuru ejenti.

Miezi michache baadaye barua ilikuja: mjomba amekataliwa viza. Bibi aliomba mjomba apigiwe simu kambini, na mimi ndiye niliyemshikia Bibi simu.

"Nisamehe mwanangu," alimwambia. "Nilikuzimia mshumaa."

Niliendelea kuishikilia simu sikioni mwake hadi alipomaliza.

Siamini kwamba mshumaa huleta viza. Lakini Bibi aliamini, na alikufa akijilaumu kwa kosa langu. Naona haya hadi leo. Sebastiani alirudi kwa Kaisari akijua atauawa. Mimi nilikuwa na korido moja tu, kutoka chumba changu hadi chumba cha Bibi, na miaka minane kabla hajafa ya kuivuka nikamwambie ukweli. Sikuivuka.