Nyasi Umeziona, Mbu Je?

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Kwa hiyo usinitazame hivyo. Umekuja kuniaga na begi mgongoni, wenzako wanakungoja barabarani, mnataka kukata mbuga kwa miguu mpaka upande wa bahari mkaone viboko, eti mafuriko yamekwisha. "Nyanya, Garsen iko jua tu, hata simu inasema." Simu! Imekuambia mvua ya milimani? Mto Tana haunywi mvua ya Garsen. Keti.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi na babu yako Barisa, na mtoto wetu wa kwanza hata shingo hajakaza. Masika yalikuwa yametusukuma mbali na mto, tukahamia ardhi ya juu ambako ng'ombe walitafuna vijiti. Basi Barisa akarudi kutoka Garsen amechangamka. Maji yameshuka, akasema, nyasi zimechipua mbugani kando ya mto, na tukichelewa zitaliwa na ng'ombe wa watu.

Mama yake alikuwa anakamua. Hakuinua hata kichwa.

"Nyasi umeziona. Mbu je, umewaona?"

"Mama, mbu hata Garsen wako."

"Hao wa Garsen wamekuja kutembea tu. Kule unakokwenda ndiko kwao."

Akamwambia angoje tope lipasuke, ardhi iweze kukausha mavi ya ng'ombe. Sisi wafugaji kinga yetu ni moshi wa mavi makavu, na mabichi hayawaki. Barisa akacheka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika safari ile halikuwa lake, na hilo ndilo linaloniudhi.

Tukawapakia punda mikeka na miti ya nyumba, mtoto nikambeba mimi. Nyasi kweli zilifika magotini, sitamnyima haki yake. Jua lilipoinama, mbu wakainuka. Ng'ombe wakaacha kula, wakawa wanakimbia ovyo. Barisa akapuliza moto mpaka macho yakamwiva. Kuni zimelowa, mavi yamelowa, moshi hakuna. Nilimfunika mtoto kwa leso na kwa mwili wangu, lakini mbu hana haya, alipenya tu.

Kabla mwezi mpya haujaandama, mtoto akashikwa na homa. Tukakimbilia hospitali ya Ngao, na njiani tukakuta maji yamepanda tena, yametukatia njia, na mbinguni hakuna hata wingu! Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, nasi huku tunatazama jua. Tulikwama ukingoni, mtoto ameingiwa na degedege mikononi mwangu, mpaka Mpokomo mmoja, wale wakulima wa mtoni, mwenye mtumbwi akatuona akatuvusha, Mungu amlipe.

Mama mkwe alitufuata Ngao. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa wodi akamwuliza mwanawe neno moja tu: "Barisa, ng'ombe wako wameshiba?"

Watu wakaja kutupoza, eti ni kudra. Sikukubali siku ile na leo sikubali. Kudra ni ya Mungu, haraka ilikuwa ya Barisa.

Mtoto huyo ni shangazi yako Maimuna, ambaye nyinyi mnamwita mara tatu kisha mnacheka kwamba hasikii. Hakuzaliwa hivyo, mwanangu. Kabla ya homa ile, nikimwita alikuwa akinigeuzia macho.

Kwa hiyo hamtoki leo. Maji kushuka si ruhusa, ndiyo kwanza mbu wanazaliana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Ngojeni tope lipasuke, kisigino kisizame. Na simu mnazo, basi wapigieni watu wa Madogo muwaulize mto umekaaje, maana maji hupita kwao kabla ya kufika kwetu. Tena mkiwa kundi, msimsikilize mwenye haraka. Mtazameni aliye mnyonge kati yenu, mwende kwa mwendo wake na kwa wakati wake, kwa sababu haraka ya mwenye nguvu hulipwa na asiye na nguvu.

Siku yenu ikifika nitawafungia maziwa ya njiani kwa mkono wangu. Mungu awatangulie, awavushe salama, na masikio aliyowapa awajalie kuyatumia. Amina.