Mizunguko Ishirini ya Gurudumu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu ya ufundi, Mwanangu, ni ile asubuhi mzee Malimi aliposhuka kwenye lori mbele ya gereji yetu hapa Bariadi, na pikapu yake imefungwa kamba juu ya lori hilohilo. Kwetu salamu hutangulia hata mtu akiwa na shida.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

Akajibu mhola, yaani salama, ingawa uso wake haukusema hivyo. Kisha akanishika mkono. "Fundi, nisamehe. Gari ulilonitengenezea vizuri nimeliharibu mwenyewe."

Ili uelewe kwa nini maneno hayo hayajanitoka, nirudi nyuma wiki mbili.

Mzee Malimi alikuwa mkulima wa mpunga na pamba kule Mwamanyili. Nyumba yake iko ng'ambo ya mbuga, na unajua udongo wetu mweusi wa mbuga ukishiba mvua: hautoi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Binti yake, Milembe, alikuwa mjamzito. Wauguzi walikwishamwambia kwamba safari hii pia atajifungua kwa upasuaji, asithubutu kubaki nyumbani. Kwa hiyo mzee alileta pikapu yake mapema, difu ya nyuma, lile sanduku la gia kati ya magurudumu, ikiwa imesagika meno, akasema neno moja tu: "Mvua zikichanganya, hili gari ndilo litakalomtoa binti yangu."

Fundi Mabula, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa msibani Binza, kule Maswa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona nimekomaa. Nilikuwa nasoma vitabu vya magari wakati wenzangu wanacheza bao, na sifa hiyo ilinipanda kichwani. Nikaenda kwa muuza vipuri vilivyotumika. Alikuwa na difu mbili za aina ya gari lile, zenye umbo moja na matundu ya bolti yaleyale. Nikachagua ile iliyokuwa safi zaidi. Ndiyo, Mwanangu, nilichagua difu kama mtu anavyochagua nyanya.

Nilipoifunga sikuacha kupima kabisa, na hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa sababu kipimo kibovu kilinipa amani ambayo kutopima kusingenipa. Niliinua gurudumu moja la nyuma, nikaweka alama ya chaki kwenye propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu. Nikazungusha gurudumu mara moja. Propela ikazunguka mara mbili na kidogo. Nikaenda mbele nikafanya vilevile: mara mbili na kidogo. Nikaridhika.

Kisha nikalijaribu gari kama mafundi wengi wa Bariadi tulivyozoea siku hizo, barabara ya lami ikiwa bado mpya: moja kwa moja hadi Lamadi na kurudi. Lilikwenda kimya, bila mlio wala mtetemo. Lakini kwenye lami nilitumia magurudumu ya nyuma peke yake. Gari la kutembea kwenye tope nililijaribu mahali pasipo na tope.

Siku ya Milembe ilipofika, mzee aliunganisha magurudumu ya mbele, akavuka mbuga salama. Kwenye tope magurudumu huteleza, na kuteleza kule kuliificha tofauti iliyokuwepo kati ya difu ya nyuma na ya mbele. Alipopanda kwenye barabara ngumu ya moramu, gari likaanza kulalamika na kuwa zito. Alijaribu kurudisha ile gia ndogo inayotenganisha magurudumu ya mbele, ikakataa. Akaivuta kwa nguvu zake zote huku binti akiugulia pembeni yake. Mbele kidogo kukasikika mlio wa chuma, na gari halikwenda mbele wala nyuma. Milembe alifikishwa barabara kuu kwa mkokoteni wa ng'ombe, ndipo gari la samaki likamchukua hadi hospitali. Mama na mtoto walipona, ila daktari alisema wamechelewa kiasi cha kutisha.

Hayo mzee alinisimulia akiwa bado amenishika mkono. Aliamini kwamba ameivunja transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwa pupa yake. Nami nilianza kuamini hivyo, kwa kuwa ilinifaa.

Fundi Mabula, aliyekwisharudi kutoka msibani, alimpeleka mzee kwa mama muuza chai, akarudi, akalala chini ya gari. Hakukaa huko muda mrefu.

"Difu hii uliipima?"

"Niliipima. Mbele na nyuma zinalingana. Mbili na kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Nikainama kuitazama propela.

"Wewe si ndiye msomi wetu?" akasema. "Unakula ugali kitabu kiko magotini. Hebu niambie, kwenye vitabu vyako kidogo ni namba ngapi?"

Akanipa chaki. "Zungusha gurudumu mara ishirini. Hesabu kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikahesabu. Nyuma, propela ilizunguka mara arobaini na tatu. Mbele, arobaini na moja. Nikarudia, nikapata yaleyale. Kisha akanionyesha ile difu mbovu ya zamani, ambayo siku zote ilikuwa imelala pale ukutani. Nikahesabu meno: arobaini na moja kwenye krauni, lile gurudumu kubwa la meno, na kumi kwenye pinioni, lile dogo linalolizungusha; sawasawa na difu ya mbele. Jibu lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama siku ile, na sikulitazama.

"Sasa," Mabula akasema, akijifuta mikono, "mimi mzee Malimi simwambii kitu. Huyo ni mteja wako."

Sitakudanganya, nilishawishika kuficha. Mzee alikwishajihukumu mwenyewe. Ningebadilisha difu kimya kimya, nikatengeneza transfa, naye angenishukuru. Badala yake nikatembea hadi kwenye benchi la chai, nikamweleza yote, pamoja na habari ya difu safi na ile safari ya Lamadi.

"Kwa hiyo," mzee akauliza, "ile gia hata ningeivuta taratibu, ingetoka?"

"Ingekataa, baba. Difu zilikuwa zinashindana, ya mbele ikitaka mwendo wake na ya nyuma mwendo wake. Isingetoka."

Akaweka kikombe chini. "Mke wangu hajanisemesha tangu siku ile. Anasema kidogo nimuulie binti yake kwa pupa zangu. Twende nyumbani, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe. "Ukamwambie yeye."

Nilikwenda Mwamanyili. Nilimwambia mama yule uani, mbele ya mumewe, na Milembe akisikia kutoka ndani huku akimnyonyesha mwanawe. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Ninyi mafundi huwa mnahesabu lini?" akaniuliza. "Kabla ya kufunga chuma, au baada ya mtu kukaribia kufa?"

Hakusubiri jibu. Aliingia jikoni, akatoka na maji, akamnawisha mumewe mikono kabla ya kumnawisha mgeni. Mzee aliinamisha kichwa, maji yakaendelea kumiminika hata baada ya mikono kutakata.

Basi chukua haya, Mwanangu. Ukibadilisha difu, hesabu kwanza meno ya ile inayotoka. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, uandike. Kibati cha gari chenye namba za kiwandani kisome, lakini usiishie hapo, maana gari huenda limepita mikono mingi. Weka kabari, gia iwe huru, inua gurudumu moja na jingine libaki chini. Katika hali hiyo gurudumu huzunguka mara mbili ndipo krauni izunguke mara moja, kwa hiyo mizunguko ishirini ya gurudumu ni kumi ya krauni. Gawanya hesabu ya propela kwa kumi; jibu lilingane na lile uliloandika. Mteja akitaka gari lenye nguvu zaidi ya kubeba, mpe difu yenye namba kubwa na umweleze kwamba mwendo utapungua na mafuta yatakwenda zaidi. Ila kwa gari la magurudumu manne, ukibadilisha nyuma badilisha na mbele, au usiguse kabisa. Na gari lijaribu kwenye njia ya mwenye gari.

Ukikosea, nawe utakosea, nenda ukaseme mwenyewe kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Mtu asiyejua habari za gia atakubali kirahisi kwamba kosa ni lake, na wewe peke yako ndiye utakayejua kwamba siyo.

Mungu akupe macho ya kuona tofauti ndogo na ulimi wa kuitaja. Kila atakayepanda gari lililopita mikononi mwako afike kwake, na akukumbuke kwa heri.