Siku Niliyokuwa Mgeni wa Binti Yangu

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Ukinipikia nitakwambia chumvi haikukolea, na ukinisimulia habari ya mtaani nitakwambia hasa ilianza vipi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata siku nikifa nitainuka nimwelekeze anayenikosha. Kwa hiyo binti yangu wa mwisho aliponialika niende naye kisiwani, alinipa sharti moja kabla sijajibu.

"Mama, utakuja kama mgeni," alisema. "Mgeni hukaa, hutazama, husikiliza. Hasahihishi."

Nilikubali haraka mno. Yeye mwenyewe alicheka.

Kisiwa chenyewe ndiko nilikozaliwa. Kimo ndani ya hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia bara, kimezungukwa na mikoko pande zote, na usipokijua waweza kupita karibu nacho ukadhani ni msitu tu. Niliolewa Malindi nikiwa msichana, watoto wangu wote nimewazalia mjini, lakini huyu wa mwisho kisiwa kilimvuta. Kila likizo alikuwa kwa dada yangu huko, akirudi na miguu imechanika kwa chaza na nywele zinanuka tope. Alipomaliza shule alipata kazi katika hoteli moja Kikambala, akatandika vitanda vya watu miaka minne. Siku moja akarudi nyumbani na begi lake, akasema hatandiki tena. Anataka kutembeza wageni kisiwani.

Sasa, kisiwani wanaotembeza wageni ni wanaume. Hakuna aliyeandika sheria, ndivyo ilivyo tu. Wanawake hupika, hushona mikeka na huuza asali. Kamati ya kisiwa ilimsikiliza, ikamzungusha miezi kadhaa, mwisho ikampa siku moja ya kujaribiwa: Jumamosi kutwa, wageni watano, kutoka ng'ambo hadi kisiwani na kurudi. Mambo yakienda sawa, angepewa kibali. Yakienda kombo, basi, arudi kwenye mashuka ya watu. Hakukuwa na jaribio la pili, na wote tulilijua hilo.

Aliyetumwa kumpima alikuwa mzee wa kamati, ndiye pia mwenye boti. Namjua huyo tangu utoto. Tulisoma chuo cha Kurani pamoja, akachapwa kwa makosa yangu mara mbili. Kazi yake siku ile ilikuwa kuendesha boti, kufanya analoambiwa na binti, na kunyamaza. Inasemekana kwenye mkutano alisema kwamba mwanamke aweza kueleza magofu vizuri kuliko mwanamume, lakini maji hayamsubiri mtu afunge kanga. Maneno hayo yalinifikia Malindi kabla ya chakula cha jioni. Sikuyasahau.

Tulikutana asubuhi mapema ukingoni mwa hori, maji yakiwa yamekauka. Wageni wenzangu walikuwa mwenye duka la vitambaa la Malindi na mkewe, Wahindi wa pale pale mjini, babu zao walifia hapa hapa wakachomwa kwa mila yao, ila kisiwa hawajawahi kukikanyaga. Na walimu wawili wa kike kutoka Jilore, wacheshi, mmoja amebeba mwavuli kama anakwenda harusini. Wa tano ni mimi. Binti alikuja amevaa buibui fupi na suruali ndani, viatu vya mpira, kofia ya ukili. Akanisalimu kama alivyowasalimu wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, nikajipanga na wageni wenzangu.

Alituingiza kwenye mikoko kwa miguu wakati maji yako nje. Akatuonyesha mkoko wa boriti na mkoko wa kuni, akatueleza kwa nini mmoja haukatwi kabisa. Yule mwalimu wa mwavuli alizama hadi magotini, akaacha kiatu kimoja kwenye tope. Binti alichutama, akatia mkono mpaka kwenye bega, akakitoa, akakiosha, akamvisha, huku anaendelea kueleza jinsi kaa anavyochimba. Hakukatisha hata sentensi. Mimi nilikuwa na la kuongeza kuhusu kaa. Nililimeza.

Saa nne maji yalikuwa yameingia, boti ikaelea, tukavuka. Mzee alishika usukani. Mkondo wa kufikia kisiwa ni mwembamba, boti moja tu hupita, na chini yake ni tope tupu. Maji yakitoka umebaki hapo mpaka yarudi, uwe mfalme au mchuuzi.

Kisiwani alitupeleka kwenye msikiti wa kale, ule uliobaki kuta na mihrabu tu, mizizi ya mtini imeshika mawe ya matumbawe. Kwetu huingii pale hivi hivi. Unavua viatu ukiwa bado nje, unatoa salamu kwa waliolala humo, unangoja kidogo, ndipo unaingia. Nilikuwa nataka kuona kama atawaambia, na vipi, maana wapo wanaotembeza wageni siku hizi wanaopitisha watu na mabuti yao, picha, twende. Binti alisimama, akavua viatu vyake, akawaambia wageni: "Hapa pana wenyewe. Tutabisha hodi kama tunavyobisha kwa jirani." Mwenye duka alikuwa ameshavua zamani. Akasema kwao pia mtu haingii na viatu mahali patakatifu, na mkewe akatoa ua moja kutoka kwenye nywele zake akaliweka kizingitini. Binti akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Nilitazama pembeni nikajifanya nimeingiwa na mchanga machoni. Nilijivuna, sitaficha. Nikajisemea: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Yaani sifa nilijipa mimi.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Baada ya adhuhuri tuliketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya dada yangu kungoja chakula. Wanawake wa kisiwa walikuwa wanapika kaa wa nazi na wali, na chakula cha namna hiyo hakiharakishwi. Harufu ilitangulia nusu saa nzima. Chakula kilipofika, saa nane ilikuwa imepita kitambo. Sahani zikapangwa, watu wakanawa, mwenye duka, ambaye hali nyama wala samaki, akawekewa maharagwe ya nazi peke yake, binti alikuwa ameagiza tangu juzi. Tulikuwa tumekula matonge machache tu aliporudi binti kutoka ufukweni. Alikuwa ameshuka kutazama maji.

"Wageni wangu, niwieni radhi," alisema. "Chakula tutakifunga twende nacho. Boti iondoke sasa hivi."

Watu walisita, mikono ikabaki hewani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigogo mbali kidogo, anamtazama. Hakusema neno.

Nami nikasema. Yarabi, nikasema.

"Mwanangu, waache watu wale. Leo mwezi kumi na mbili. Maji yamejaa saa nane kasorobo, mkondo unapitika mpaka karibu saa kumi. Tuna saa nzima."

Niwaeleze. Sisi tuliozaliwa kisiwani hatukuhitaji saa. Twahesabu mwezi tangu uandame, na kwa tarehe ya mwezi twajua maji yatajaa lini na yatakauka lini. Kila siku huchelewa saa moja kasoro kidogo. Hesabu hiyo nilifundishwa na mama yangu nikiwa sijui kusuka nywele. Ulikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na kuanzia Idd yenyewe siku zilikuwa kumi na mbili kamili. Nilikuwa na hakika kuliko jina langu.

"Mama amezaliwa hapa," mwenye duka alisema kwa upole, na mkono wake ukarudi kwenye sahani. Walimu nao wakarudi kwenye kaa.

Binti alikuja akachutama mbele yangu, kama anavyofanya akitaka kuniomba jambo. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kaa wadogo wameanza kutoka mashimoni pale mwanzo wa mkondo. Hawatoki mpaka maji yamewaacha. Tukikaa tutakwama."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia. Na sikushusha sauti. Walisikia wote, na mzee alisikia.

Nakiri kwamba nilijua ninachofanya. Nilijua siku ile ni ya nini. Lakini nilikuwa kwenye ardhi yangu, hesabu yangu imetiliwa shaka, na hasira ya kupingwa na mtoto mbele ya watu ilinishika kabla akili haijafika. Hata nilikunja miguu vizuri zaidi kwenye mkeka, mtu wa kukaa.

Yeye hakunijibu kwa hasira. Aliinuka, akawageukia wageni, akawaambia kwa sauti wazi: "Mama yangu namheshimu kuliko mtu yeyote hapa duniani. Lakini leo nyinyi mko mikononi mwangu, naye yumo. Tunaondoka." Kisha akachukua viatu vyangu, akaviweka mbele ya miguu yangu, vimeelekea ufukweni, akasimama kungoja.

Nilivivaa. Sijui nilikuwa na uso gani. Walimu walifunga wali kwenye majani ya mgomba bila kunitazama.

Mzee aliwasha injini. Mwanzoni mkondo ulikuwa na maji, nami nikakaa kama mtu anayengoja kuthibitishwa. Tulipokaribia kona ya katikati, rangi ya maji ikabadilika. Tumbo la boti likagusa tope, likatoa sauti ya kisu kwenye ubao. Mzee alizima injini, akaiinua, akamtazama binti. Hakushika pondo, ule mti wa kusukumia boti. Alikuwa anangoja aambiwe.

"Wote upande wa kushoto," binti alisema. "Polepole. Mama mwenye mwavuli, mbele kwangu. Mzee, usisukume kati, kuna fungu la mchanga. Pita karibu na mizizi, upande wa mikoko."

Tulihama. Mzee akasukuma kwa ule mti mrefu, boti ikakwaruza, ikasimama, ikakwaruza tena. Binti alikuwa ameinama nje, anapima maji kwa mkono wake mtupu. Mke wa mwenye duka alikuwa ananong'ona dua zake, nami nilikuwa ninanong'ona zangu. Kisha boti ikatulia chini yetu, ikaanza kuteleza. Tulitoka kwenye mkondo ule maji yakiwa kina cha shibiri.

Tulipofika ng'ambo na kushuka, niligeuka. Pale tulipopita palikuwa tope la kijivu linalong'aa, na kaa wadogo maelfu wanatembea juu yake. Kama tungekula kwa raha zetu, sisi wageni watano tungelala humo ndani na mbu, na binti yangu Jumatatu angekuwa Kikambala.

Mzee alifunga kamba, akaja aliposimama binti, nami nipo hapo. Alinigeukia mimi kwanza.

"Dada, ninyi mjini mliswali Idd lini?"

"Jumanne," nikasema.

"Sisi Jumatano."

Nikahesabu upya kwa vidole. Kwetu Malindi nyumba yangu hufuata tangazo la Makka, redioni. Kisiwani hufuata mwezi uliouonwa kwa macho. Mwaka ule tulipishana siku moja, na nilipohesabu maji nilihesabu kutoka kwenye Idd yangu. Kwangu mwezi ulikuwa kumi na mbili, na kisiwani ulikuwa kumi na moja. Maji hayasikilizi redio. Walimu wa Jilore walielewa polepole, kisha wakacheka mpaka mwavuli ukaanguka. Mwenye duka alikohoa kwenye leso yake, muungwana yule.

Mzee hakucheka. Alimtazama binti, halafu akaniuliza tena, sauti imebadilika: "Kusoma maji namna ile, kaa na mizizi na fungu, alifundishwa na nani? Wewe?"

Miaka yote hiyo swali la namna hiyo nimelijibu kabla halijamalizika. Akisifiwa mapishi, mimi nilimfundisha. Akisifiwa adabu, mimi. Mtaa mzima wa Malindi unaujua wimbo huo. Binti mwenyewe alishainamisha macho, anangoja niuimbe, na wala hakuwa na kinyongo.

"Si mimi," nikasema. "Mimi nimetaka kuwalaza wageni matopeni, na nimemfokea mbele yenu kwa kuwa alijua zaidi yangu. Haya kayajua mwenyewe, kwa miguu yake. Kaiambie kamati hivyo hivyo nilivyosema, usipunguze."

Binti aliinua uso. Machozi yalimtoka palepale, na yeye si mtu wa kulia. Mimi nilivimba kifua kama sijawahi kuvimba kwa jambo lolote la kwangu, nikasimama mbele ya watu wote na tope magotini, nimekosea, na sijawahi kuwa na fahari kama ile.

Mzee alivua kofia akajikuna kichwa. "Jumanne kuna wageni kumi na wawili," akamwambia binti. "Utanipigia kuniambia boti itoke saa ngapi, nami nitaileta." Kisha, kwa kuwa tulisoma chuo kimoja na hajanisamehe zile fimbo mbili, akaniuliza: "Na wewe dada, ukija tena, utakaa mbele au nyuma?"

"Nitakaa atakaponiweka," nikamwambia.