Siku Waliposimamisha Bibi Harusi

Katika miaka ile ya tisini, njia ya kutoka Panda kuingia mjini Likasi ilikuwa na kamba. Kamba ya nailoni tu, upande mmoja imefungwa kwenye pipa, upande wa pili kwenye mti, na askari wamekaa kando yake. Waliokwenda sokoni, kanisani au hospitali, wote walipita hapo. Askari akikutazama na kuridhika, aliishusha kamba kwa mguu. Asiporidhika, aliiacha ilivyo.

Mimi hakuwahi kuniridhia.

Nilikuwa fundi wa kushona, na wateja wangu wengi walikaa mjini, kwa hiyo nilipita pale karibu kila siku na nguo zao kwenye beseni. Wakati ule watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa mkoani kwetu Katanga. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, wakasoma nasi, wakafanya kazi migodini na baba zetu, halafu tukawaona wakilala kituoni na magodoro yao wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ya babu zao. Treni zile zilikuwa zimekwisha kuondoka. Macho ya kumtafuta Mkasai ndiyo yaliyobaki, na kwenye kamba ile yaliniangukia mimi. Nina ngozi nyeupe kidogo, paji la uso refu, napenda kuvaa vizuri na nasema sana. Watu walikuwa wamekubaliana, sijui katika mkutano gani, kwamba hizo ndizo alama za Mkasai.

Baba yangu na mama yangu wote wawili ni Wasanga, wenyeji wa Katanga, wa vijiji vya upande wa Kambove. Lakini mimi nilikulia katika kambi ya wafanyakazi, mahali watu wa kila kabila walisema Kiswahili, na shuleni tulisema Kifaransa. Kisanga nakisikia. Kukisema, nasema kama mtoto anayeanza kutembea.

Mchumba wangu, fundi wa redio, ndiye aliyekuwa Mkasai. Mama yake na kaka yake mkubwa walikuwa wamepanda treni. Yeye alibaki kwa baba yake mdogo, ambaye mke wake ni wa hapa na majirani walikataa aondoke. Mchumba wangu ni mweusi, mfupi, mpole, miguuni siku zote ni kandambili. Alikulia mlango kwa mlango na familia ya Wasanga, akacheza na watoto wao mpaka lugha yao ikawa yake. Tukienda mjini pamoja, kamba ilishuka mbele yake, akapita, halafu ikapanda mbele yangu. Alisimama ng'ambo akiningoja, mikono mfukoni, akiangalia chini ili asicheke. Mara nyingi nilicheka naye. Siku nyingine sikucheka: nilifika mjini nguo za watu zimechambuliwa mbele ya wapita njia kana kwamba nimeziiba.

Nyumbani hawakuniamini. Baba alisema askari wanafanya kazi yao, na kwamba bila shaka mimi ndiye ninayewajibu vibaya. Majirani waliona vivyo hivyo. Wasiosimamishwa waliiona kamba kuwa ni kitu cha haki kabisa. Basi nikamwomba baba anisindikize. Alipita bila hata kuangaliwa, akaendelea kunisimulia habari zake, na alipogeuka akakuta anasema peke yake. Akarudi, akamwambia askari kwamba mimi ni mtoto wake. Askari akamjibu kwa upole kwamba mzee mwema hawezi kukataa mtu, lakini asidanganyike. Mwishowe kamba ilishushwa, tukafika sokoni. Pale alininunulia andazi, kama nilipokuwa mdogo, na tangu hapo hakuitetea kamba tena.

Siku ya ndoa yetu tuliandikishwa asubuhi kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, kule Panda, halafu ilitubidi kwenda mjini, kanisani. Magari yalikuwa yameadimika. Mjomba wangu mmoja alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, akatuombea lori lao. Lilioshwa vizuri, lakini chokaa ina tabia yake: kila shimo la barabara liliitoa tena kutoka kwenye mbao. Mimi na bwana harusi tulikaa mbele na dereva. Nyuma walisimama baba, mama zangu wadogo na waimbaji wa kanisa, wakiimba na kukohoa, na tulipofika kwenye kamba walikuwa weupe kama waliotoka kuchekecha unga.

Alikuwapo askari yule yule aliyemjibu baba, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, aliyetoka mkoa wa Équateur, mbali kaskazini, na kusema Kiswahili chenye Kilingala ndani. Aliwatazama wale weupe wa nyuma, akatabasamu. Kisha akachungulia mbele, akaniona nina shela.

"Weye, mama, shuka."

Nilimwambia leo ni ndoa yangu. Alisema anaona, na nishuke hivyo hivyo. Nikashuka, nimeshika gauni nililolishona mwenyewe lisiburuzike kwenye vumbi. Nyimbo zilikatika.

"Shefu, minye nilizaliwa hapa Panda," nikasema.

"Bote banasemaka vile. Sema kitu mu Kisanga, nisikie."

Maneno yote yalinitoka kichwani. Nilijaribu salamu, nikaikosea, na nikasikia mmoja wa mama wadogo akiguna kwa aibu. Askari alitikisa kichwa kama mwalimu. Ndipo mume wangu aliposhuka, akasimama karibu yangu, akaanza kusema Kisanga. Alisema kwa utaratibu, kwa heshima, mkono kifuani, na alisema kwa muda mrefu. Nyuma ya lori wanawake walianza kujificha nyuso kwenye vitenge. Mimi nilikuwa nimeelewa: alikuwa anamweleza askari kwamba mbuzi wetu yuko jikoni tangu alfajiri, kwamba mpishi ni mvivu wa kuangalia moto, na kwamba tukichelewa atawalisha wageni makaa.

Askari, asiyejua hata neno moja la Kisanga, alisikiliza mpaka mwisho, akiitika kila aliponyamaza kuvuta pumzi.

"Uyu njo mutoto wa hapa," akaniambia. "Unasikia? Bantu ba hapa njo banasemaka hivi. Juu yake yeye, mupite."

Akaishusha kamba. Baba, aliyekuwa nyuma na weupe wake, aliinama juu ya mbao na kumkaribisha kwenye karamu. Nilidhani ni maneno tu ya adabu.

Alikuja. Alikuja na shati safi, akapewa kiti na sahani ya mbuzi, ambaye hakuungua, na akacheza na mama yangu mdogo aliye mnene kuliko wote. Kisha baba akasimama kuwakaribisha wakwe. Angeweza kuwataja kwa kifupi tu. Wakati ule wengi wangefanya hivyo. Yeye alimshika mkono baba mdogo wa mume wangu, akamsimamisha mbele ya wote.

"Bakwe betu banatoka Kasai," akasema. "Tunabapokea mu nyumba ya Basanga, na roho moja."

Nilimwangalia askari, na watu wengi walifanya vivyo hivyo. Aliweka mfupa chini. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akarudi kwa mume wangu, na nikaona hesabu ikimwingia polepole. Akafuta mikono, akaja mpaka kwenye meza yetu.

"Minye natoka Équateur," akasema kwa sauti ndogo. "Mbali kuliko benu bote. Na hapa hapana hata mumoja mwenye ananisimamishaka."

Mume wangu alimvutia kiti, akamjibu kwa Kisanga, na safari hii akamtafsiria: alikuwa anamwambia akae, kuna mbuzi mwingine. Askari alicheka mpaka akashika meza, na muziki ukarudi.

Tangu siku ile alinishushia kamba nikiwa bado mbali. Lakini juma lile lile, nilipokuwa napita na beseni langu, nilimkuta amemsimamisha mwanamke mwingine, mwenye paji refu na kitenge kilichopigwa pasi. Sikupita. Niliweka beseni chini, nikasimama kando ya yule mwanamke na kumsalimu askari. Nikamwuliza kama anakumbuka mbuzi wetu alikuwa na ladha gani.

Alitutazama wote wawili, akajikuna shingo, kisha akaisukuma kamba kwa mguu. Yule mwanamke hakuelewa kitu. Tulitembea pamoja mpaka mjini, na njiani alitaka kujua nani ameshona blauzi niliyovaa. Kabla hatujafika sokoni, nilikuwa nimekwisha kumpima mabega.