Tumbo la Mpokea Maziwa

Baba mkwe wangu ni mpokea maziwa. Kila asubuhi wafugaji hupanga foleni kituoni na madebe yao, naye hutumbukiza kipima maziwa, kile kichupa chenye shingo ndefu, katika kila debe. Kikizama kuliko kawaida, mwenye debe ameongeza maji, na hapo hata aapie kaburi la babu yake hapokelewi. Ndiyo maana wakamwita Mzee Kipimo.

Alikuwa na desturi yake. Maziwa ya aliyetangulia foleni yalichemshwa palepale, naye Mzee akanywa kikombe kizima mbele ya watu. Alisema hawezi kupokea kitu asichoweza kukinywa. Wafugaji waliipenda desturi hiyo mno, na wengine walikuwa wakidamka kabla ya jogoo ili kikombe hicho kitoke kwenye debe lao.

Mimi ni fundi cherehani, na siri za mwili hazimpiti fundi. Mwaka ule nilimpunguzia suruali kiunoni mara tatu. Kila nikiuliza, ananiambia uzee. Uzee gani unaomkimbiza mtu chooni kila siku saa tatu asubuhi, kisha anakiogopa chakula mpaka jioni? Siku moja nilimkalisha kitako, kwa adabu lakini kwa sauti, nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mume wangu akajifanya anasoma gazeti.

Daktari alimpima kila alichoweza kumpima, akasema hakuna la kutisha ila tumbo lake halisagi maziwa. Akiyaacha atapona. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado nimekaa kitini. Mzee alitoka mle ndani kama mtu aliyefiwa. Njia nzima alinieleza kwamba mpokea maziwa asiyekunywa maziwa ni kichekesho, sawa na fundi cherehani anayetembea na gauni lililofumuka. Nikalishika pindo la gauni langu, nikalificha.

Basi aliacha maziwa nyumbani, lakini kituoni akaendelea na kikombe chake. Kufa na tai shingoni ndiko huko.

Nikaanza kutengeneza maziwa ya soya. Jaribio la kwanza lilinuka maharage mabichi, hata mimi sikuyamaliza. Jirani yangu mpishi wa shule akanifundisha: loweka usiku kucha, toa maganda yote bila uvivu, saga, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha mpaka ile harufu ikate. Namshukuru mpaka leo. Nilipoyapata sawasawa nikamwekea Mzee mezani, nikaenda kuchukua sukari. Niliporudi nikamkuta amekitumbukiza kile kipima chake kwenye jagi, kimezama karibu chote.

"Mwanangu," akasema kwa huzuni ya kazini, "haya yametiwa maji."

Nilimwambia ndiyo, yametiwa maji, vikombe sita, nimeyatia mimi kwa mkono wangu, na kama anataka kuyakataa ayakatae akiwa ameshayaonja. Akayaonja. Akaongeza mengine. Wiki nzima akawa anafungasha chupa ya soya kwenda nayo kazini, na tumbo bado linamsumbua, kwa sababu kikombe cha kituoni hakukiacha.

Jumatatu aliisahau chupa, nikamfuata kituoni nikiwa nayo mkononi. Wa kwanza siku hiyo alikuwa mama mmoja mwenye ng'ombe watatu, mwanamke wa maneno machache. Maziwa yake yalikuwa yameshachemshwa na kumiminwa. Mzee akakishika kikombe, akaniona, akakirudisha mezani.

Watu wakaanza kumtazama yule mama kama wanavyomtazama mtu aliyetia maji.

"Maziwa yangu yana nini, Mzee?" akauliza.

Nilijua Mzee angeweza kukinywa, mambo yakaisha, na mimi nikarudi kupunguza suruali. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Maziwa yako ni safi, dada yangu. Mwenye kasoro ni mimi. Tumbo langu limeyakataa, mwaka wa saba huu."

"Miaka saba? Na kila siku ulikuwa unayanywa?"

"Nisingeyanywa mngeona nimewadharau."

Nilisubiri kicheko. Yule mama alikichukua kikombe, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo. Kisha akawageukia wenzake, akasema kuanzia leo wa kwanza atakunywa ya kwake mwenyewe, na Mzee aachwe apumue. Akaipokea chupa mkononi mwangu, akammiminia soya yeye mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa nyuma akasema hata yeye maziwa yanampa taabu, akauliza hayo mengine yanatengenezwaje.

Mchana nilimsindikiza baba mkwe nyumbani. Alitembea polepole, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ningelijua watu ni wepesi wa kuelewa hivi," akaniambia, "ningelisema tangu mwaka wa kwanza."

Nilikuwa na maneno ya kumgombeza, tena mengi, nilikuwa nimeyaandaa tangu kwa daktari. Nikamshukuru Mungu kwamba amesema akiwa hai, nikamshika mkono, tukavuka barabara.